Salamu Kutoka Huko

Nchi ya Papohapo haimo katika ramani yoyote, na wenyewe watakwambia kosa ni la wachora ramani. Ni nchi nzuri sana. Ina mlima mmoja, uwanja wa ndege mmoja, redio moja, na kiongozi mmoja anayeitwa Baba wa Hapa. Baba wa Hapa hutibiwa nje, maana hospitali alizozijenga nchini amewaachia wananchi kwa ukarimu wake, basi mara nyingi kiti chake kwenye sherehe huwa kitupu. Hilo halijawahi kuharibu sherehe. Gwaride hupita, saluti hupigwa mbele ya kiti, jina lake huitwa, na waziri mmoja hujibu kwa sauti nzito, "Yupo!" Watu hupiga makofi, kisha huenda zao kupika.

Katika nchi hiyo aliishi Sikudhani, mtoto wa pekee wa Bi Nunuu, mkaanga vitumbua wa mtaa wa Mabati. Alipokuwa mdogo, maji ya kisima cha mtaa yalikuwa matamu. Mwaka mmoja yakageuka chumvi. Wakubwa walikuja na miwani yao ya jua, wakaonja, wakatema, wakatoa hotuba juu ya umuhimu wa maji, wakaondoka. Sikudhani akabaki na swali lake: yale maji matamu yamekwenda wapi? Akakua nalo. Chuo cha Papohapo hakikuweza kumsaidia, kwani kilitoa shahada mbili tu, ya Uongozi na ya Kuongozwa. Ikabidi aombe kwenda kusoma nje.

Kuomba si kazi. Kazi ni kuchagua. Wizara ya Masomo ya Huko iliandaa maonesho ya vyuo vya ng'ambo, na kwa kuwajali wazazi haikuvipanga kwa masomo, ilivipanga kwa baridi. Kulikuwa na meza ya Baridi ya Kawaida, meza ya Baridi ya Kati, na kule mbele, chini ya zulia jekundu lililotundikwa ukutani lisikanyagwe, meza ya Baridi ya Heshima.

"Hapa, hapa," alisema Bi Nunuu, akimvuta mwanawe mkono kuelekea kwenye zulia.

"Mama, sijaona kama wanafundisha mambo ya maji."

"Theluji ni nini kama si maji? Mwanawe Bi Tatu yuko penye mvua tu, mvua kama hii yetu, na alivyoturingia mwaka mzima! Wewe nenda penye theluji, mwanangu, uniletee picha umevaa lile koti refu. Nife nimeliona."

Sikudhani alicheka. Alimpenda mama yake hata alipokuwa hivyo, na zaidi alipokuwa hivyo. Bahati ikawa upande wao wote wawili: chuo kikuu cha Brunholm kilikuwa na theluji ya kumtosha Bi Nunuu, na kilikuwa na somo la maji yaliyo chini ya ardhi. Akakichagua. Usiku na mchana hakuwa na wazo jingine ila kwenda, kujua, na kurudi kwa mama yake na maji.

*

Usaili ulifanywa na Mkurugenzi wa Kuondoka, Bwana Zahoro, mtu mwenye sauti laini na vidole vya kubonyea, ambaye mwenyewe hakuwahi kuondoka.

"Binti," alisema, "kwa nini unataka kuondoka katika nchi isiyo na sababu ya kuondoka?"

Swali hilo lilikuwa limewaangusha wengi. Ukitaja sababu, umeitukana nchi. Ukisema huna sababu, wewe ni mzururaji. Sikudhani alifikiri kidogo.

"Ili nipate sababu ya kurudi, mheshimiwa."

Bwana Zahoro alifurahi mno, akaomba chai. "Na utarudi?"

"Nitarudi."

"Vizuri. Sasa kama utarudi, kwa nini uende?"

"Nisipokwenda sitaweza kurudi, mheshimiwa."

Bwana Zahoro aliyarudia maneno hayo polepole, akayaandika ili ayatumie kwenye hotuba, akampitisha. Siku hiyo Sikudhani alikimbia njia nzima mpaka kwenye karai la vitumbua, na Bi Nunuu akapiga vigelegele hadi mteja aliyekuwa akinunua akasahau chenji yake.

Hapa inabidi nieleze sheria moja ya nchi, maana mgeni anaweza kudhani Wapapohapo ni watu wa ajabu. Zamani, katika sherehe za taifa, majina ya wanafunzi walioko nje yalisomwa mbele ya Baba wa Hapa, na karani mmoja mzembe, jina la mwanafunzi fulani lilipoitwa, akajibu, "Hayupo." Baba wa Hapa alitoa machozi. Akaamuru bendera zishushwe nusu mlingoti na matanga yawekwe kwa mtu ambaye wakati huo alikuwa katika nchi za watu akisomea udaktari wa meno, tena akifanya vizuri. Nani angemwambia Baba wa Hapa kwamba amelia bure? Mwanafunzi akatangazwa marehemu, na aliporudi na shahada yake akakamatwa kwa kughushi uhai.

Baraza la Lugha likaketi ili aibu hiyo isijirudie. Likaamua kwamba kila raia atakuwa katika hali moja kati ya tatu. Kwanza, *yupo*, mahali panapojulikana, yaani Papohapo. Pili, *yuko*, huko, kusikojulikana barabara, yaani nchi nyingine zote. Tatu, *yumo*, ndani, na hiyo hatuizungumzii. Mwanafunzi anayekwenda nje atapigwa muhuri wa YUKO siku ya kuagwa, mbele ya mashahidi, na kuanzia hapo hakuna mtu wala ofisi itakayosema vinginevyo mpaka arudi. Ilikuwa sheria safi. Hata walimu wa sarufi waliisifu, na wao ni watu wagumu kusifu.

*

Sherehe ya kuagana ilifanyika uwanjani. Wanafunzi walivalishwa makoti mazito kwenye jua la saa saba, wawili wakazimia kwa uzalendo. Bwana Zahoro alizungumza juu ya kwenda, akatumia yale maneno ya Sikudhani bila kumtaja mwenyewe. Wakapigwa muhuri mmoja mmoja: YUKO, YUKO, YUKO. Kisha wakapanda basi lililofungwa maua, na mama zao wakalikimbilia wakilia.

"Ukifika uniite tu redioni, mwanangu!" Bi Nunuu alipiga kelele. "Uniite, nitasikia!"

Basi lilienda mbio kuelekea uwanja wa ndege. Lilipofika nyuma ya mlima, ambako mama hawaoni tena, likapunguza mwendo, likakata kulia, likazunguka mlima wote kwa upole, likawashusha kwenye mlango wa nyuma wa Wizara ya Masomo ya Huko.

"Karibuni," alisema mlinzi. "Mtasubiri hapa kidogo, taratibu za mwisho zikamilike."

Hapa palikuwa ni ukumbini. Ulikuwa ukumbi mrefu wenye mabenchi pande zote mbili, na kwenye mabenchi walikuwapo watu waliovaa makoti mazito. Wengine makoti yao yalikuwa mapya. Wengine yalikuwa yamechakaa viwiko. Hakuna aliyeinua kichwa. Sikudhani aliona mfagiaji akipita, akipitisha ufagio kati ya miguu yao bila kuomba radhi, kama mtu anayefagia chini ya viti vitupu. 

Aliyemkaribisha ni kijana mmoja, Khatibu, ambaye koti lake lilikuwa limechakaa kuliko yote.

"Chuo kipi, dada?"

"Brunholm. Na wewe, kaka?"

"Mimi ninahitimu mwaka huu," alisema Khatibu. "Shahada ya pili. Mama yangu alifurahi sana kusikia."

Sikudhani alidhani anatania. Hakuwa anatania.

*

Tatizo, alivyoelezwa, lilikuwa dogo. Ubalozi wa nchi kilipo chuo cha Brunholm ulitaka kila mwombaji wa viza alete barua ya kuthibitisha kwamba yupo nchini. Barua hiyo hutolewa na Bwana Zahoro. Sikudhani akaenda kuiomba.

"Barua ya kwamba wewe yupo?" Bwana Zahoro alishangaa kwa huruma. "Lakini wewe yuko, binti."

"Mheshimiwa, mimi nipo. Nimesimama hapa mbele yako."

"Hapo ndipo unapokosea sarufi. Nikikuandikia kwamba yupo, nitakuwa nimesema kwamba wizara iliaga mtu ambaye hakwenda. Nitakuwa nimemdanganya mama yako. Unataka nimdanganye mama yako?"

"Basi nipeni viza niende."

"Viza ni ya mtu aliyepo."

"Basi nifuteni muhuri, nirudi nyumbani."

"Kurudi ni kwa mtu aliyefika huko. Mwenyewe uliniambia, usipokwenda huwezi kurudi. Maneno mazuri sana yale." Akasimama, akamfungulia mlango kwa adabu. "Subiri, mwanangu. Mbona wenzako wanasubiri?"

Sikudhani alitoka kwa hasira. Hakuna aliyemzuia getini, kwa kuwa mlinzi alikuwa na amri ya kuzuia watu waliopo tu. Akashika njia ya Mabati mchana kweupe, na hapo ndipo alipoanza kuogopa. Watu aliowajua tangu utotoni walimwona wakageuza nyuso. Muuza kahawa alimwaga kahawa. Alimsalimia Bi Tatu, jirani yao, na Bi Tatu akafunga dirisha na kuanza kusoma dua kwa sauti ya juu.

Alipofika kwao, mlango ulikuwa wazi. Bi Nunuu alikuwa amekaa mbele ya karai, amempa mgongo.

Sikudhani hakujua aingieje. Tangu azaliwe hakuwahi kubisha hodi katika nyumba ile, lakini miguu ilikataa kuvuka kizingiti. "Hodi," alisema. "Hodi, mama." Bi Nunuu aligeuka. Alimtazama mwanawe kwa kitambo, na uso wake ukabadilika kuwa kama majivu. Kisha akageukia karai tena, akainamisha kichwa, akanyamaza.

Huko Mabati, na pengine hata kwenu, akina mama wanajua jambo moja: mtu wako aliye safarini akikutokea mlangoni ghafla, mchana, bila mzigo, hajaja. Amekuja kukuaga. Roho yake imetangulia. Ukimwitikia, umemruhusu aende. Usipomwitikia, atahangaika mlangoni, atachoka, atarudi kule kwenye mwili wake, na mwenyewe kule aliko atapona. Kwa hiyo kadiri mama anavyompenda mwanawe, ndivyo anavyokaza meno asiitike. Wizara iliijua imani hiyo, na haikuona sababu ya kuipinga. Kila asubuhi redio ilitangaza: "Ndugu wananchi, ukimwona mlangoni mtu wako aliye masomoni, usishtuke. Huyo si yeye. Hiyo ni hamu yako tu. Usiiitikie."

"Hodi, mama," Sikudhani alisema mara ya tatu. "Ni mimi. Hawakutupeleka."

Bi Nunuu alitia ubani kwenye makaa, na moshi ukajaa mlangoni. Alizungumza huku ameutazama ukuta.

"Kama wewe ni hamu yangu, nakuomba unipishe. Usiniite. Nina mtoto mmoja tu na yuko mbali. Nikikuitikia nitamuua. Tafadhali, rudi ulikotoka, umwache mwanangu asome."

Sikudhani alinyoosha mkono amguse bega. Ndipo akasikia mtu akimvuta koti kwa nguvu kutoka nyuma. Alikuwa Khatibu, aliyemfuata njia nzima.

"Usimshike," alisema, akimburuta hadi nje ya uzio. "Sikiliza, dada. Mimi nilimshika wangu."

Akamsimulia wakiwa wameketi kwenye ukingo wa kile kisima cha chumvi. Alimkumbatia mama yake kwa nguvu, ili ajue ni mtu mwenye nyama na jasho. Mama alipiga ukelele mmoja, na moyo wake ukasimama. Khatibu alikwenda mazikoni. Aliingia chini ya jeneza kama mtoto wa kiume anavyopaswa, akabeba, na hakuna mtu aliyempokea mpaka makaburini. Kila aliyekaribia kumpokea alimwona na kurudi nyuma. Kaburini, mtu wa wizara akasoma salamu za rambirambi kutoka kwa mtoto wa marehemu, akisikitika kwamba mitihani imemzuia kufika.

"Ziliandikwa vizuri," Khatibu alisema. "Watu walilia. Hata mimi nililia."

*

Sikudhani hakurudi kugonga tena. Lakini jambo moja halikumwacha: mama alimwambia amwite redioni, atasikia.

Kila Alhamisi alasiri redio ilikuwa na kipindi, *Salamu Kutoka Huko*. Wanafunzi waliita wazazi wao, wakaeleza kwamba hawajambo na kwamba baridi ni kali. Sauti zote za kike zilikuwa za katibu muhtasi wa Bwana Zahoro, aliyebana pua kwa vidole viwili ili asikike ana mafua ya ughaibuni. Mitaa mizima ilisikiliza. Akina mama walitambua sauti za binti zao, kila mmoja ya wake. Katibu muhtasi alipokwenda likizo ya uzazi, Bwana Zahoro akaja ukumbini kutafuta mwenye sauti nzuri, na Sikudhani akasimama kabla hajamaliza kusema.

Alipewa maneno ya kusoma. Alisoma vizuri ya wenzake. Yalipofika yake mwenyewe, akayaweka chini.

"Mama," alisema. "Ni mimi, Sikudhani. Kila ukikaanga, kitumbua cha kwanza hushika moto vibaya, kikaungua upande mmoja, nawe hunifichia mimi chini ya sahani kwa sababu nakipenda kile. Hakuna anayejua hayo. Mama, mimi sikwenda. Mimi nipo. Nipo mjini hapa hapa. Ukiniona mlangoni, niitikie. Nakuomba, mama, niitikie."

Hakuna aliyemkatisha, kwa kuwa hakuna mtu pale redioni aliyekuwa na tabia ya kusikiliza redio. Akatoka mbio. Alikimbia na koti lake zito, watu wakimpisha kwa hofu, akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu siku ya usaili. Alipokaribia uzio wa kwao alisikia vilio.

Alichungulia. Wanawake wa mtaa wamejaa uani, redio iko juu ya kigoda. Bi Tatu alikuwa amemshika Bi Nunuu mabega.

"Pengine si yeye, shoga yangu," alikuwa akimbembeleza. "Pengine ni mtu tu anaigiza."

"Ni yeye," alisema Bi Nunuu. "Sauti ni yake, si ile ya mafua. Na la kitumbua ni lake, hakuna mwingine alijuaye. Ameingia mpaka redioni kuniomba nimwitikie. Angekuwa hai angetaka nini kuja hapa? Mwanangu amekufa, Bi Tatu. Amekufia huko kwenye baridi niliyomchagulia mimi."

Akaanguka chini, na wanawake wakaanza kulia kwa sauti moja.

Matanga yaliwekwa. Sikudhani alikaa nyuma ya uzio akasikia akisifiwa, jinsi alivyokuwa na heshima na akili, na jinsi alivyopendeza kwa koti. Wizara ilileta mchele. Bi Nunuu hakula. Alikataa mchele, akakataa uji, akakataa hata maji, na Bi Tatu akatoka nje akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba kwa hali hii watazika mwili hapa hapa mtaani kabla haujaja ule wa kutoka huko.

Sikudhani akaenda kugonga mlango wa Bwana Zahoro.

Bwana Zahoro hakumfokea. Alimweleza tu, kwa masikitiko, kwamba tangu tukio lile salamu zote zitarekodiwa kwanza. Kisha akamsogezea maneno ya kusoma. Sikudhani aliyachukua. Akabana pua yake kwa vidole viwili.

Alhamisi iliyofuata redio iliomba radhi kwa hitilafu ya mitambo ya wiki iliyopita, na salamu zikaanza. Sikudhani alikuwa nyuma ya uzio. Bi Nunuu alikuwa amelala mkekani, macho yameingia ndani, amegeukia ukuta.

"Mama," ilisema redio kwa sauti ya mafua. "Ni mimi mwanao, kutoka Brunholm. Sijambo. Huku theluji inaanguka. Nimenunua koti jingine, refu zaidi ya lile. Kula, mama. Usiniwaze. Mimi niko huku."

Bi Nunuu alijiinua kwa kiwiko. Alitambaa hadi kwenye kigoda, akaikumbatia redio kwa mikono miwili, akaibusu.

"Ndiyo yeye," alisema. "Mnasikia? Ni mzima. Ana mafua tu."

"Mama," redio iliita tena, kwa kuwa maneno yaliandikwa hivyo. "Unanisikia, mama?"

"Naam, mwanangu!" Bi Nunuu aliitikia kwa sauti yake yote, machozi yakimtiririka. "Naam, nakusikia! Nakusikia!"

Nyuma ya uzio, Sikudhani aliziba mdomo kwa mikono yake, asije akajibu.